Tupeane uzoefu: SSD ya nje (kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta kuhifadhi faili), ulinunua ipi na ilikusibu nini?

Mtoto wa Kikwajuni: Asalaam alaykum. Hard disk yangu, ile diski ya kuzunguka, imeanguka mezani, sasa inagonga ko-ko-ko kama mgeni mlangoni. Nasikia SSD haina kinachozunguka ndani. Nataka ya terabaiti moja. Walionunua hapa Unguja, semeni.

Fundi Michenzani: Hiyo inayogonga usiiwashe tena. Kila ukiiwasha unazidi kuikwaruza.

Kamera Wete: Umenitonesha kidonda. Mie napiga video za harusi. Nilinunua "SSD" ya terabaiti mbili kwa elfu arobaini, nikajiona mjanja. Harusi ya siku mbili. Siku ya nikahi nikahamisha faili, nikazifungua, zinacheza, nikafuta kadi za kamera nipate nafasi ya walima. Kesho yake vivyo hivyo. Nimerudi Unguja kwa boti, nakaa nikate video: majina ya faili yapo, ukubwa upo, nikahi haifunguki hata moja! Kilichosalimika watu wanakula biriani. Nikaipasua kwa bisibisi. Ndani memori kadi ya gigabaiti 64, imegandishwa kwa gundi pamoja na kipande cha chuma, ili ukiishika uhisi uzito. Kompyuta imedanganywa ione terabaiti mbili. Ikijaa haisemi, inaandika juu ya vya mwanzo. Mama wa biharusi kanipigia: "Mwanangu, ndoa imekwenda wapi?"

Bint Mkoani: Yakhe! Ukamjibuje?

Shangani77: Mie nlikuwemo. Biriani lenyewe lilizidi chumvi.

Bint Mkoani: Hatujauliza chumvi. Kamera, ukamjibuje?

Mjuzi: Zama hizi bado mnabeba diski? Wekeni mtandaoni, basi.

Kamera Wete: Gigabaiti 110 za harusi moja kwa bando la nani? Lako?

Mjuzi: Mtu wa elfu arobaini hana haki ya kunijibu.

Fundi Michenzani: Mwacheni. Ukinunua, kabla hujaweka chochote pitisha H2testw, programu ya Windows ya kupima diski, kwa Linux kuna F3. Inajaza diski nzima kisha inasoma tena, uongo unajitoa wenyewe. Ifomati kwa mpangilio wa exFAT, isomeke Windows na Mac. Mpangilio wa zamani, FAT32, unakataa faili la kuzidi gigabaiti 4. Na waya! SSD ya Samsung T7 imeandikwa megabaiti 1,050 kwa sekunde, ukiichomeka tundu la USB 2.0, lile la zamani, utaambulia kama 40, kisha utukane diski.

Ami Chake: Mie nasema nunua hard disk mbili za kawaida. SSD ukiifungia kabatini miaka bila umeme, data huweza kupotea.

Shangani77: Na hard disk ikianguka?

Ami Chake: Usiiangushe.

Bint Mkoani: Kamera hajajibu bado.

Kamera Wete: Nilirudisha pesa zote. Na picha za simu za mashoga zake biharusi nikaziungaunga.

Mtoto wa Kikwajuni: Nimenunua jana. H2testw imefika asilimia 61, umeme umekatika, na laptopu yangu betri ilishakufa zamani.