Taa za dinamo kwa safari za kila siku: dinamo ya habu au ya kusugua tairi?

Msafiri wa Alfajiri

Habari zenu, ndugu zangu. Kila siku ya kazi huendesha baiskeli kilomita 14 kwenda na 14 kurudi, na kwa kuwa huondoka kabla ya mapambazuko, sehemu kubwa ya safari ya asubuhi huwa gizani. Taa za kuchaji nilizotumia kwa miaka miwili zimenizimikia njiani mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nateremka mlima. Nimeamua kuhamia taa za dinamo, yaani zinazopata umeme wake kutokana na mzunguko wa gurudumu. Ninayo dinamo ya zamani, ile inayobana ubavu wa tairi, lakini mvua ikinyesha huteleza na taa ikafifia wakati uleule ninapoihitaji zaidi. Je, inafaa nigharimie dinamo ya habu, yaani iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, ambayo itanilazimu kusuka upya gurudumu la mbele? Nina mlima mrefu ambao huupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, nami nahofia kubaki gizani hapo. Pia kila taa ninayoiona inasifiwa kwa lumeni zake, na sijui kama kipimo hicho kinatosha kuchagulia.

Fundi wa Magurudumu

Kwa safari ya kila siku, ndugu, mimi nisingesita: chukua ya habu. Dinamo nyingi za baiskeli hutengenezwa kutoa volti 6 na wati 3, yaani mkondo wa nusu ampea, kwa hiyo umeme unaoupata kwenye habu haupishani sana na ule wa dinamo yako ya zamani. Kinachopishana ni nguvu ya miguu inayopotea njiani. Dinamo nzuri ya habu hugeuza zaidi ya nusu ya nguvu inayopokea kuwa umeme, hivyo kwa wati 3 za taa wewe utatoa takribani wati 5, na mwendeshaji wa kawaida anayetoa wati 100 hivi hatazihisi sana. Ile ya kusugua tairi inaweza kukutoza maradufu, kwa sababu kuna msuguano wa kigurudumu chake na kule kukunjwakunjwa kwa mpira wa tairi. Zaidi ya hayo, sumaku na koili za habu zimefungiwa ndani, hazigusi tairi, kwa hiyo mvua haina njia ya kuzitelezesha.

Kabla ya kununua, pima upana wa foku yako (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), unene wa ekseli, idadi ya matundu ya spoki kwenye rimu, na aina ya breki. Habu ya breki za diski si sawa na ya breki za rimu, na kosa hilo hugunduliwa wakati spoki zimekwisha kukatwa.

Mkongwe wa Masafa

Nakubaliana na Fundi, ila dinamo ya kusugua tairi isihukumiwe kabla ya kutazamwa jinsi ilivyofungwa. Mstari unaopita katikati ya dinamo, ukiurefusha kwa macho, sharti uelekee katikati kabisa ya ekseli ya gurudumu. Ukienda pembeni hata kidogo, kigurudumu chake huburutwa badala ya kuviringishwa, nacho huteleza, hupiga kelele na kula tairi. Anayesafiri usiku mara moja kwa mwezi anaweza kuridhika nayo, kwani akiiondoa kwenye tairi haimzuii hata chembe, wakati ile ya habu hukokota kidogo hata taa ikiwa imezimwa. Wewe unayetoka gizani kila siku, nakushauri uingie gharama.

Kuhusu lumeni, hicho ni kipimo cha mwanga wote unaotoka, pamoja na ule unaopotea angani na ule unaowachoma macho wanaokuja mbele yako. Tafuta taa ambayo mwanga wake umekatwa kwa juu na kulazwa barabarani. Kanuni za Ujerumani zinadai taa za namna hiyo, ndiyo maana taa zilizotengenezwa kwa soko lile hupimwa kwa lukisi, yaani jinsi barabara yenyewe inavyomulikwa. Mimi ninatumia taa ya lukisi 60, nayo hunionyesha shimo mapema kiasi cha kulikwepa bila kufunga breki kwa ghafla.

Msafiri wa Alfajiri

Nawashukuru sana. Bado nina wasiwasi na ule mlima. Je, taa itapepesa?

Fundi wa Magurudumu

Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, gurudumu la kawaida huzunguka chini ya mara moja kwa sekunde. Habu yenye ncha 28 za sumaku hutoa mizunguko 14 ya mkondo kila gurudumu linapozunguka mara moja, kwa hiyo hapo utapata mizunguko kama 9 kwa sekunde, na jicho huona taa ikipepesa. Hata hivyo taa ya LED itakuwa inawaka, tofauti na balbu ya zamani ambayo ingebaki wekundu hafifu tu, na kwa mwendo huo huhitaji kuona mbali. Ukiongeza kasi kidogo, kupepesa hutoweka.

Sharti usilolilegeza ni kapasita ndani ya taa zote mbili, ya mbele na ya nyuma, inayohifadhi umeme na kuziwasha kwa dakika kadhaa baada ya gurudumu kusimama. Bila hiyo, ukisimama kwenye njia panda huonekani na aliye nyuma yako, na hapo ndipo hatari ilipo.

Taa ya nyuma uiunganishe kwenye tundu lililoachwa katika taa ya mbele, usiipeleke moja kwa moja kwenye habu, kwa kuwa swichi ya kuziwasha zote mbili imo ndani ya ile ya mbele. Waya wake uache ulegee kidogo karibu na usukani, kisha ugeuze usukani kulia na kushoto hadi mwisho kabla ya kuufunga kwenye fremu.

Msafiri wa Alfajiri

Nimepima: rimu ina matundu 36 na breki ni za rimu. Nitaagiza habu yenye matundu hayohayo pamoja na taa yenye kapasita, na gurudumu la zamani nitaliacha kama lilivyo, ili nisikose safari wakati jipya likisukwa.