Wasifu wa marehemu usomwe kwa lugha ya nani?

Mkazi wa Nyalenda: Jumamosi iliyopita tulikuwa Siaya kumzika baba mkubwa. Wasifu wake, kurasa nne nzima, ulisomwa kwa Kiingereza tangu kuzaliwa hadi kuugua, huku mjane wake, aliyeketi mstari wa mbele kabisa chini ya hema, akimvuta mjukuu mkono kila baada ya sentensi mbili na kumuuliza, "Sasa anasema nini?" Kwa Kijaluo ndugu wa mama ni *ner*, na ndugu wa baba ni baba tu, Kiingereza huwatosa wote katika neno moja. Watoto wa mama mdogo, yaani mke mdogo wa baba mkubwa, nao waliandikwa kama ndugu wa kambo. Kwa nini tunawasimulia jamaa zetu kwa lugha wasiyoisikia?

Mwalimu wa Bungoma: Kwa sababu mazishi huja na wakwe kutoka Meru, wafanyakazi wenzake marehemu kutoka Nairobi na wajukuu waliozaliwa ng'ambo. Tena "kambo" ni Kiswahili, usiwasingizie Waingereza. Nimeona kwamba anayelalamikia wasifu mara nyingi ni yule ambaye hakuombwa kuuandika.

Mkazi wa Nyalenda: Niliombwa, mwalimu, nikakataa kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikitafuta viti na maji ya kunywa. Wakwe kutoka Meru wangesomewa Kiswahili, na wangeelewa kila neno.

Mhamiaji wa Nakuru: Baba yangu ni Mjaluo, mama ni Mkipsigis, nasi tumelelewa Nakuru kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo mjane hakuwa akiomba hisani. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya kwa Kikuyu kisha baadhi akazitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Kwa nini sisi tuanze na tafsiri?

Mjukuu wa Maragoli: Mnazunguka mbali. Mimi nimekwama kwenye hilo neno kambo. Nimelelewa na mama wawili, na ugali wa jikoni lolote ulikuwa wangu. Nilipokwenda kujiunga na kidato cha kwanza niliwaandika wote wawili kwenye fomu. Karani akacheka, akalikata jina la pili kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake kwa Kiingereza neno la mama wa kambo. Niliporudi nyumbani mama huyo aliniuliza maana yake, nikamdanganya. Kwa hiyo mwalimu asiniambie kwamba neno ni neno tu.

Mwalimu wa Bungoma: Pole, ndugu yangu, lakini karani wako alikosea hata Kiingereza chake. Mama huyo aliolewa na baba yako mama yako akiwa hai. Ni mke mwenza. Na hao wa Siaya ni wa baba mmoja, ambao Kiingereza huwaita ndugu nusu, wala si wa kambo. Wa kambo ni mtoto anayekuja na mamake akiwa na damu ya baba mwingine. Aliyeuandika wasifu ule ama hajui lugha, ama anaijua vizuri mno.

Mhamiaji wa Nakuru: Una maana gani, vizuri mno?

Mwalimu wa Bungoma: Nina maana ya shamba. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 40, husema kwamba mali ya mwenye wake kadhaa aliyefariki bila wosia hugawanywa kwanza baina ya nyumba, yaani kila mke na watoto wake, kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa kama fungu moja la ziada. Ukimfanya mtoto wa marehemu kuwa wa kambo, umeanza kumpunguza hesabuni kabla ya kaburi kukauka.

Mjukuu wa Maragoli: Basi Mkazi atujibu: aliyeuandika ni wa nyumba gani?

Mkazi wa Nyalenda: Ni wa nyumba ya kwanza. Mjane aliyekuwa akiuliza ni mama mdogo, na wanaoitwa wa kambo ni wanawe wanne, wote wakiwa na jina la baba mkubwa kwenye vitambulisho. Nilimpigia simu mchana huu nikamtafsiria ukurasa wa tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba kijitabu hicho kimepelekwa kwa chifu anayeandika barua ya warithi. Kimepelekwa tangu Jumatatu.