Mashujaa Julai 25: wazee wa mgambo waliopigana Kagera wakae wapi?

Wakuu habari za Mwanza. Julai 25 ikifika tutaona tena mkuki na ngao, sime, mashada, tarumbeta, mi napenda kabisa sisemi vifutwe. Ila wale waliochukuliwa vijijini kama mgambo 1978 baada ya Mwalimu Nyerere kusema sababu ya kumpiga Idi Amin wa Uganda tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, mbona kwenye sherehe wanasimama juani na wageni waalikwa wako kwenye turubai na maji ya chupa? Baba yangu mkubwa yuko Magu, alivuka mto Kagera pale Kyaka kwa daraja la muda maana la mwanzo majeshi ya Amin yalishalilipua, leo anaendaga na koti lake la kaki limechakaa kwenye viwiko anaishia kwenye kamba. Mi nasema wapewe viti vya mbele, basi.

NGOSHA WA IGOMA: Mkuu nakupinga kidogo. Jeshini kuna namba, kuna medali, mtu unamtambua. Mgambo wengi walirudi nyumbani mikono mitupu, sasa kila mzee wa miaka 70 akija akasema na mimi nilifika Kampala utamkatalia vipi? Leo kiti, kesho bahasha, tutagombana bure.

MAMA K, KIRUMBA: We ngosha nawe, bahasha imetoka wapi tena. Hao wazee wanataka bima ya afya kwanza, hicho kiti atakikalia saa mbili halafu arudi kwenye magoti yake yanayouma. Pesa ya turubai na spika ipelekwe hospitali!!

MWENYE MADA: Mama K hapo kwenye bima niko na wewe ila usinichanganyie, turubai likiacha kufungwa hiyo pesa haiendi hospitali unajua mwenyewe inaendaga wapi. Na ngosha, vijijini watu wanajuana bwana, aliyeenda na asiyeenda wanajulikana, mwenyekiti wa kijiji akiita wazee wenzake watatu wanne muongo anaumbuka hapohapo mbele ya wajukuu.

MVUVI MSTAAFU: Vijana mnaongea kama vita ilikuwa Bukoba tu. Machi 1979 ndege ya Libya, Gaddafi alikuwa anambeba Amin, ilikuja kupiga hapahapa Mwanza ikakosa shabaha mabomu yakaangukia kisiwani Saanane yakaua swala. Hilo hata hao wanaopanda boti kwenda kupiga picha Saanane hawaambiwi. Kwenye makaburi ya Kaboya kule Muleba wamelala wanajeshi zaidi ya 600, heshima yao iko palepale, ila hawa walio hai mnawangoja nini?

NGOSHA WA IGOMA: Haya mzee shikamoo, kwa mwenyekiti wa kijiji hapo nimekubali. Bahasha bado nakataa.

MWENYE MADA: Marahaba ya mzee atajibu mwenyewe. Sasa Magu tunaanza kuandika majina wiki hii, Misungwi na Sengerema nani anaanza?