Tupeane uzoefu wa fukwe za Mtwara: maji yalishakugeukia Shangani, Msangamkuu au Msimbati?

Wakuu, Idd el Fitri ikifika Shangani panafurika watoto. Idd hiyo inafuata mwezi kuandama, kwa hiyo kila mwaka inakutana na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Kama saa nne asubuhi maji yamekupwa mbali, watoto wanacheza hadi kwenye miamba; ikikaribia saa kumi jioni yamejaa, na tofauti inaweza kupita mita 3. Mtoto anarudi palepale alipochezea asubuhi, kumbe sasa pana kina. Mwenye kisa akimwage hapa.

Mama Pweza, Msangamkuu
Mimi nachokoa pweza tangu msichana. Maji hayakujii kwa mbele, yanakuzunguka. Yanajaza kwanza ule mfereji ulio kati ya mwamba na ufukwe, na wewe umeinama na fimbo yako unaona bado pakavu. Mwenzetu mmoja alimng'ang'ania pweza aliyejichimbia shimoni. Tulipomwita, mfereji ulishamfika kifuani na unavuta. Alikumbatia dumu tupu alilokuja nalo, kifuniko kimekazwa, mpaka mtumbwi ukamfikia. Sasa kila mtu anatoka na dumu lake, na mmoja wetu hachokoi, kazi yake kuuangalia mfereji tu.

Kijana wa Msimbati
Huku kwetu mchanga unakatika ghafla. Hatua chache tu, chini ya miguu hamna kitu. Binamu yangu wa bara, fundi wa kuogelea mtoni, mkondo ukamchukua. Akawa anapambana arudi alikoingilia, pumzi zikamwishia. Mzee mmoja mvuvi akampigia kelele: lala chali, usishindane nao, ukipata nguvu kata pembeni, sambamba na ufukwe! Akaja kutokea mbali kule, mzima, kaptura hana.

Mgeni Mtwara
Samahani, na huyo mzee kwa nini hakujitosa?

Kijana wa Msimbati
Anayezama anakukaba shingo, mnaondoka wawili. Kwanza unatupa kamba, dumu, au unampa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ashike.

Mama Wawili
Mwanangu alikuwa karibu kabisa na mkeka wetu, na hakupiga kelele hata moja. Kichwa kimelala nyuma, mdomo usawa wa maji, mikono inabonyezabonyeza. Watu wakadhani anacheza. Alipotolewa hapumui, wakataka kumning'iniza miguu juu wamkamue tumbo. Nesi mmoja aliyekuja kupunga upepo akawafukuza, akampulizia pumzi mdomoni mara 5, ndipo akaanza kubonyeza kifua. Akatapika, akalia. Hospitali tulikwenda vilevile, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Mwenye uzi
Pole sana mama. Wa Lindi mbona kimya?

Mvukaji, Lindi
Tupo. Kuvuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, niliwahi kupanda boti maboya ya kuvaa yamefungwa kamba chini ya benchi, eti yasichafuke. Mawimbi ya kusi yalipoanza kupiga, fundo halikufunguka. Siku hizi boya nalivaa nikiwa bado nchi kavu, wacheke tu. Wa Kilwa, nyie mnafanyaje?