Asilimia ya protini kwenye mfuko wa broila: ishushwe au ibaki?

Mfuga wa Chanika
Wadau wa kuku wa nyama, habari za majukumu. Naleta hoja. Wataalamu wa lishe wanasema broila anaweza kukua vizuri kwa protini pungufu kuliko tuliyoizoea, alimradi chakula kiongezewe amino asidi (vipande vinavyojenga protini) za kiwandani. Mimi naunga mkono, na naenda mbali zaidi: viwango vya chakula cha kuku viache kutubana na asilimia ya protini, vidai amino asidi.

Sababu ni hii. Kuku anaivunja protini tumboni ili apate amino asidi. Ikipungua moja tu, ukuaji unakwama hapo, hata kama nyingine zimejaa tele. Kwenye mahindi na soya inayotangulia kupungua ni methionini, kisha laisini, kisha thrionini. Sasa ukijaza soya mpaka methionini itoshe, nyingine zinazidi, na kuku hana pa kuziweka. Naitrojeni yake inatoka kama asidi ya yuriki, ule weupe juu ya kinyesi, na bakteria kwenye maranda wanaigeuza amonia. Kuku 1,000 wakila tani 3 mpaka kuuzwa, kushuka kutoka asilimia 20 hadi 18 ni protini kilo 60 pungufu, yaani naitrojeni kilo 9.6 ambayo haikuingia bandani kabisa. Kwa sisi tuliobanana na majirani hapa Dar, hilo si dogo. Na soya ndiyo inayokula hela.

Sepetu wa Mbagala
Mkuu, hesabu yako tamu, ila njoo mashineni. Wengi mtaani tunachanganya sakafuni kwa sepetu. Methionini ni kama kilo 2 kwa tani nzima. Ukiimwaga juu juu, mfuko huu umepata na ule umekosa. Mjuzi anaichanganya kwanza na pumba kidogo, halafu anaongeza taratibu. Mwenye haraka hafanyi hivyo. Soya ikiwa nyingi, hata uchanganyaji ukiwa mbovu kuku anaambulia kitu. Ukishaipunguza, kosa dogo linaonekana kwenye kuku.

Mama Vifaranga, Kitunda
Niliwahi kununua chakula cha bei nafuu, mfuko umeandikwa protini 20. Kuku wanakula kama wamerogwa. Kuja kuchinja, mafuta ya manjano yamejaa tumboni, kidari chembamba. Mteja wangu wa chipsi anamkata kuku vipande vinne, kwa hiyo kidari anakijua kwa kubonyeza tu. Akanishushia bei palepale mbele ya watu. Sasa nyie mnataka hata hiyo 20 iondolewe?

Mfuga wa Chanika
Pole sana mama, lakini kuku wako wananitetea. Hiyo 20 ilikulinda na nini? Kipimo cha kawaida cha maabara hakioni protini, kinapima naitrojeni halafu inazidishwa kwa 6.25. Urea ya mbolea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 1 ya urea inasomeka kama karibu kilo 2.9 za protini. Kuku hawezi kuijengea nyama. Sisemi ndicho walichokufanyia, nasema namba ile inaruhusu.

Mtu wa Lishe
Nimesomea lishe ya mifugo, niseme kidogo. Kushuka pointi 2 kunawezekana bila kelele. Ukizidi 3 unaingia kwenye kazi nyingine: valini, isolusini na ajinini nazo zinaanza kupungua, na glisini ambayo kuku anajitengenezea haimtoshi. Potasiamu iliyokuwa ikija na soya nayo inashuka. Na nishati ikibaki palepale huku amino asidi hazijakaa sawa, ndiyo hayo mafuta ya Mama Vifaranga.

Halafu fomula nyingi za nje zimejengwa juu ya soya. Hapa tuna mashudu ya alizeti, laisini kidogo na nyuzinyuzi nyingi, na dagaa ambao nusu nyingine ni mchanga. Ukinakili fomula ya watu, umekwisha.

Sepetu wa Mbagala
Na nani atapima hizo laisini? Maabara ya TVLA, wakala wa maabara za mifugo Tanzania, pale Temeke ipo, lakini kupima amino asidi moja moja ni gharama kuliko kupima naitrojeni. Mwenye tani mbili kwa wiki hawezi.

Mfuga wa Chanika
Basi waanze viwanda vikubwa: laisini na methionini ziandikwe mfukoni, na kiwanda kibebe gharama ya kupima. Wachanganyaji wa mtaani wabaki na kiwango cha protini cha sasa mpaka wapate mashine za kuchanganyia. Najua hapo nimerudi nyuma nusu hatua.

Mama Vifaranga, Kitunda
Sawa. Mimi nikinunua mfuko kesho nitazame nini?

Mtu wa Lishe
Mfuko hautakuambia, mama. Chukua mizani ya jikoni, pima vifaranga kadhaa siku wanayoingia na tena wakitimiza siku 7. Aliyeingia na gramu 40 awe amefika 160 au zaidi. Akiwa chini ya hapo, na joto na maji vilikuwa sawa, badilisha chakula mapema; usisubiri wiki ya tatu.