MREJESHO: Wachezaji wanajua yote, wahusika hawatakiwi kujua

Ndugu zangu, nimerudi. Niliwauliza jinsi ya kuwazuia wachezaji kutumia wanayoyajua wao badala ya wanayoyajua wahusika wao. Tunaigiza kwa maandishi kwenye Discord, jukwaa la soga mtandaoni; kisa ni cha Lamu ya miaka ya 1810, kabla ya Vita vya Shela. Sote ni wa hapa, kisa tumekua nacho: watu wa kisiwa jirani cha Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, watapigwa na Lamu pale ufuoni Shela. Basi hata mhusika aliye mchukuzi wa boriti tu alitembea kifua mbele, jahazi za adui hazimtishi.

Katika ushauri mlionipa, kilichofaa zaidi ni swali la dada mmoja: "Mhusika wako amelijuaje hilo?" Asiye na jibu, tendo lake halihesabiki. Mwanzo walinuna. Sasa wanaulizana wenyewe, na mmoja kamfanya nahodha wake ahamishe watoto usiku kwa hofu, ilhali yeye mchezaji anajua fika mji utashinda. Hapo mchezo ukanoga kweli.

Kutenga soga za pembeni na uigizaji pia kumesaidia.

Kutuma siri faraghani ndiko kulikogonga mwamba. Jioni hawa wote wanakaa baraza moja; nikimwandikia jasusi wa Pate, kahawa haijapoa kila mtu anazo habari. Na kaka uliyesema nigeuze matokeo ya vita, niwie radhi, hilo sikuthubutu. Wazee wa Amu, yaani Lamu, wangenila mbichi.

Ahsanteni sana nyote. Mwenye dawa ya baraza aniambie.