Protini za mkazo katika baridi yabisi: zinachochea uvimbe au zinautuliza?

MwalimuMbale: Habari zenu, ndugu. Ninafundisha baiolojia sekondari ya juu. Wanafunzi wangu wanafahamu kwamba protini za mkazo, ambazo habari yake ilianza mwaka 1962 Ferruccio Ritossa alipoona kromosomu za inzi wa matunda zikifura kwa joto, huzisaidia protini nyingine kujikunja sawasawa. Mmoja akaniuliza: ikiwa ni walinzi, mbona HSP70, mojawapo ya protini hizo (HSP ni kifupi chake kwa Kiingereza), imejaa kwenye utando wa viungo vya wagonjwa wa baridi yabisi? Ni chanzo cha uvimbe, au ni matokeo yake?

MaabaraMbarara: Mwalimu, kwa sehemu kubwa ni matokeo. Saitokini za uvimbe, yaani protini ambazo seli hutumiana kama ujumbe, mfano TNF na IL-6, huzifanya seli za utando zitengeneze HSP70 hata pasipo joto lolote, na ikibaki ndani ya seli huelekea kutuliza. Ubishi uko nje ya seli. Majaribio ya awali yalionyesha kwamba HSP iliyotoka nje hushika TLR4, kipokezi kilicho kwenye seli za kinga, na kuamsha kinga. Lakini protini hizo zilitengenezwa ndani ya bakteria wa E. coli, ambao sumu yao huamsha kipokezi hicho hicho. Ziliposafishwa barabara, sehemu kubwa ya msisimko ule ilitoweka. Ndiyo maana mimi, kabla ya kuamini makala yoyote ya aina hii, hutazama kwanza walivyosafisha.

MuuguziKampala: Naomba kuongeza la kifua kikuu, ambacho sisi wa wodini tunakiona kila siku. HSP65 ya bakteria wake inafanana na HSP60 ya binadamu kwa karibu nusu ya asidi za amino. Panya wa aina ya Lewis wakidungwa bakteria hao waliouawa na kuchanganywa na mafuta, miguu yao huvimba. Ila wakitanguliziwa HSP65 peke yake, hukingwa.

MwalimuMbale: Nashukuru, dada. Na kwa binadamu je?

MaabaraMbarara: Kwa watoto wenye baridi yabisi ya viungo vichache, seli T, ambazo ni seli za kinga, zinazoitambua HSP60 ya mwili wenyewe zimehusishwa na nafuu, si na kuzidiwa. Kipande cha protini ya mkazo ya bakteria, kiitwacho dnaJP1, kimejaribiwa kwa wagonjwa watu wazima, kwa njia ya kumezwa, ili kuizoesha kinga isikishambulie. Kliniki, hata hivyo, bado zinategemea methotrekseti, dawa ya kutuliza kinga.